Vyuma vya Pindo

Jumanne, 3 Machi

Haya, umekuja! Wewe mwanamke huna haya. Tangu mvua ile ya mwisho hujalifungua daftari hili. Limekaa chini ya cherehani, limevaa vinyuzi kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Uliapa utaandika kila siku. Ulimwapia mtoto! Mtoto aliyekufundisha a, e, i, o, u hapa hapa mezani, kati ya vitambaa vya watu, baada ya umri wote huo wa kusaini kwa dole gumba. Ndiyo shukrani hiyo? Kaa chini. Andika. Leo lipo la kuandika.

Nimempeleka mjukuu wangu Punje, huyo huyo mwalimu wangu, mazoezini mwenyewe. Mkamwana amebadilishiwa zamu hospitali, mwanangu yuko safarini na lori, nimebaki mimi. Mwaka mzima nasikia jimnastiki, jimnastiki. Nilidhani ni kunyoosha mikono na kuinama. Wallahi ndivyo nilivyodhani.

Ukumbi wenyewe ni ghala la zamani. Madirisha juu kabisa, harufu ya miguu na chaki. Kuna njia ndefu ya zulia, mwisho wa njia ubao wenye springi, na mbele ya ubao — meza. Wanaiita meza. Meza gani hiyo? Mguu mmoja mnene, mgongo umevimba kama wa punda. Mtoto anatoka mbio kama kaiba, anakanyaga ubao, anatupwa hewani kichwa chini miguu juu, anaisukuma meza kwa viganja, anatua magodoroni upande wa pili. Wa kwanza aliporuka nilipiga ukelele, ukumbi mzima ukageuka.

"Bibi, ndivyo inavyotakiwa," kocha akasema.

"Imetakiwa na nani?" nikamwuliza.

Halafu zamu ya Punje. Ana miaka minane, ukimwona utasema mitano. Meza inamfika puani. Akakimbia — vizuri, tena! Kifua mbele, magoti juu. Kufika kwenye ubao, akasimama. Tuli. Akarudi, akakimbia tena, akasimama tena. Kuna msichana mrefu wanamwita Twiga, huyo akacheka kwa pua. Kocha akasema mbio nzuri, breki nzuri zaidi, baba yake amchukue akamfunge kwenye lori badala ya breki. Watoto wakaangua kicheko. Punje naye akacheka, kile kicheko cha kumeza.

Jumamosi ya wiki ijayo ni mchujo. Wanakuja waamuzi kutoka nje. Asiyevuka meza anatolewa kundini. Mengine yote anayaweza! Kwenye ile boriti nyembamba anatembea kama aliyetumwa chumvi dukani. Ni meza tu. Meza tu inataka kumnyang'anya mtoto wangu kitu pekee anachokipenda.




Jumatano, 4 Machi

Nimeshona mapazia ya hoteli tangu asubuhi. Mgongo si wangu. Punje katoka shule, kaingia chini ya meza yangu kama kawaida yake, anachezea vyuma vya pindo, vile bapa kama vifungo vya koti ninavyoshonea chini ya pazia lisipepee.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mbona umeninunia? Mume wetu kafa zamani, tunagombania nini?"

Akacheka kidogo. Ndipo akasema. Zamani alikuwa anaukanyaga ule ubao, lakini springi hazishtuki. Kocha kamwambia ubao haumsikii, yeye mwepesi mno. Anabaki kuganda pale mbele ya meza kama karatasi. Basi siku hizi akifika, miguu inakataa.

Nikamwambia wepesi si aibu, hata hariri ni nyepesi.

"Pazia jepesi unalifanyaje, Bibi?"

"Nalitia vyuma pindoni. Linatulia, linakwenda ninakotaka."

"Lisipokwenda?"

"Nalichapa."

Nilijibu tu, pini mdomoni, macho kwenye mshono. Jioni nikamwongezea chakula, na juu ya nyongeza nikaongeza. Mtoto mwepesi dawa yake kijiko.


Ijumaa, 6 Machi

Leo hakusimama!

Alikimbia — mbio nzito kidogo, visigino vinapiga zulia, pu, pu, pu — akaukanyaga ubao na miguu yote miwili. Nikainuka kwenye benchi, mikono juu, nashangilia kabla ya wakati. Akagonga meza kwa tumbo. Sauti ile! Kama gunia lililoshushwa. Akateleza chini taratibu, kashikilia ukingo kwa kucha.

 

Kocha akamwinua, akamgeuza huku na huku, akasema hajavunjika kitu. Akasema ajabu, wiki iliyopita alikuwa unyoya, leo miguu imekuwa ya tembo. Akaniuliza mtoto anakula nini nyumbani.

"Chakula," nikajibu. "Wa kwako wanakula nini?"

Njiani nikamwambia afadhali kugonga kuliko kusimama, leo umethubutu. Akanishika mkono kwa nguvu. "Umeona, Bibi? Ubao ulinisikia." Ana furaha! Mtoto kapigwa na meza na ana furaha! Mimi sijui hawa watoto wameumbwa kwa udongo gani.


Jumamosi, 7 Machi

Siku ya hasira. Nimefika dirisha la mwisho la hoteli, vyuma vya pindo vimekwisha. Havitoshi! Pakiti nilifungua mwenyewe. Nikatoka na kanga moja hadi kwa muuza vifaa, nikamkuta na wateja. Nikamwambia mbele yao kwamba mwizi wa mchana ni mbaya kuliko wa usiku. Akaapa kwa watoto wake pakiti ilijaa. Nikamwambia usiape kwa watoto, apa kwa mizani yako. Maskini akanipa pakiti nyingine bure, ili niondoke tu.

Nimeshona dirisha la mwisho. Limetulia vizuri.


Jumatatu, 9 Machi

Amegonga tena. Mara hii kwa ubavu. Kocha akamwondoa njiani, akamweka kando kunyoosha misuli, Twiga akapewa zamu zake. Punje hakulia. Alijinyoosha pale pembeni huku anaitazama meza kama mtu anayemdai.

Nyumbani nikamvua shati nimkande kwa maji ya moto. Yarabi! Kiunoni pote, kuzunguka, madoa ya bluu. Lakini si madoa ya kugonga. Mviringo. Mviringo mdogo, mmoja pembeni ya mwingine, kama mtu kampiga muhuri.

Nikamwuliza meza gani inampiga mtu kwa mviringo.

"Ni ukingo, Bibi."

"Ukingo wa nini? Wa sarafu?"

Akavuta shati. Akasema anasikia usingizi. Jua halijazama, anasikia usingizi! Mimi nimelea watoto na wajukuu, najua usingizi wa uongo. Kuna mtu anamuumiza mtoto huyu. Nimemuwaza kocha. Nimemuwaza yule Twiga. Kesho naingia ukumbini na mtu ataeleza.


Jumanne, 10 Machi

Sijui nianze wapi. Nimekunywa maji, nimekaa, nimesimama, nimekaa tena.

Kabla ya kwenda kumfumua kocha, nikasema nifue kwanza nguo ya mazoezi, ile ya kubana ya bluu. Nyepesi kama ganda la kitunguu, ukiipuliza inaruka. Sijaifua hata mara moja wiki hii, Punje alikuwa anajifulia mwenyewe, nami nikijisifu kwa majirani kwamba kakua. Nikaitupa kwenye beseni.

Ko!

Ikazama. Nguo ile ikazama kama jiwe!

Nikaitoa. Nikaigeuza ndani nje. Kiunoni kazungushia kipande cha kitambaa cha ndani cha mapazia yangu, kakigawa vijumba vijumba, na ndani ya kila kijumba, chuma cha pindo. Vyuma vya dirisha zima! Na mshono... Hapa nataka kuandika ukweli maana hakuna anayesoma. Mshono ulikuwa mzuri. Mshono wa kuficha, niliomfundisha mimi, uzi haukuonekana hata kidogo upande wa nje. Nilitaka kumchapa na kumpa oda ya hoteli kwa pamoja.

Nikaita. Jina lake kamili, la siku ya mashtaka. Akaja na penseli mkononi. Akaiona nguo.

"Hii nini?"

"Pindo, Bibi."

"Pindo! Wewe dirisha?"

"Kocha alisema mimi mwepesi. Wewe ukasema tukitia vyuma linakwenda unakotaka."

 Nikakaa kwenye mawe ya kufulia, maji yakaniloa mpaka kwenye nguo ya ndani, nisisikie. Mimi! Mimi na pini zangu mdomoni! Mtoto kakimbia wiki nzima na dirisha kiunoni, kagongwa na meza kwa tumbo, kwa ubavu, vyuma vinamsaga mifupa, na kila akigonga anafurahi kwamba ubao umemsikia. Na mimi namshibisha chakula juu yake!

Nikamwuliza, ulipoumia mbona hukusema? Mficha maradhi kifo humuumbua!

"Ningesema ungevitoa."

Nilimkumbatia na hasira yangu yote. Akalalamika namuumiza kiuno. Nikamwachia, nikamkumbatia kichwa peke yake.

Kisha nikachukua mkasi. Alilia kila chuma kilipotoka. Aligonga meza hakulia, leo kwa vyuma vyangu kalia!


Jumatano, 11 Machi

Nimekwenda kwa kocha mapema, kabla ya watoto. Punje nyuma ya sketi yangu. Nikamwaga vyuma vyote kwenye godoro, vikalia, nikamweleza.

Kwanza alicheka. Nilimwacha acheke. Halafu nikamwinua mtoto shati.

Akaacha kucheka. Akakaa pale pale kwenye zulia, kijana mkubwa yule, mikono kichwani. Akasema angeweza kuvunja ubavu. Angeweza kuanguka kwa shingo. Akamwambia Punje, binti yangu, mimi nilimaanisha ukimbie kwa kasi na uupige ubao kwa hasira. Sikumaanisha uzito wa kubeba.

"Ungesema hasira, basi," Punje akamwambia kutoka nyuma yangu.

"Kweli. Ningesema hasira."

Akachukua spana, akapindua ubao, akatoa springi mbili. Akasema alipaswa kuzitoa tangu mwanzo, wakubwa wakitaka zao watazirudisha.  Nilikwenda kumfumua, nikamkuta keshafumuka.

Basi nikadhani mambo yamekwisha. Ubao laini, mtoto mwepesi, haya!

Akakimbia. Akasimama.

Akakimbia. Akasimama mbali zaidi, hata ubao hakuukaribia. Mara ya tatu hakutoka kabisa kwenye mstari. Alikuwa anajishika kiuno, pale pale palipokuwa na vyuma, kama mtu aliyetoka nyumbani akasahau mkanda.

Jioni mwanangu karudi na lori. Mtoto akamrukia shingoni, shati likapanda, akaona madoa. Sikuwahi hata kuweka sufuria chini. Nikamsimulia yote, na langu nikalisema.

"Basi, Mama. Jumamosi haendi."

"Ataenda."

"Mtoto ni wangu."

"Na wewe ni wangu. Tukianza kudaiana tutafika mbali."

Hakucheka. Akaweka kidole gumba, kile kidole chake kikubwa cha usukani, juu ya doa moja la bluu. Polepole. Akauliza, na akivunjika shingo nitamwambia nini mama yake? Hakupaza sauti. Angepaza ningemjibu.

Baada ya kula akasema sawa, aende. Ila akisimama tena mbele ya ule ubao, siku hiyo hiyo anamtoa mwenyewe, hata hangoji waamuzi. Mtoto anayeogopa na anaruka ndiye anayekufa, alisema. Na mimi najua kwamba hapo hakukosea.


Alhamisi, 12 Machi

Nimekwenda kwa muuza vifaa. Nikangoja wateja wajae, maana nilimtukana mbele ya watu. Nikasema: mwizi alikuwa kwangu, ana miaka minane. Duka zima likacheka. Akanikataza nisirudishe pakiti. Akaniuliza huyo mwizi anataka kazi?

Nimerudi na pakiti yangu na uso wangu umeungua.


Ijumaa, 13 Machi

Hakuna mazoezi leo, wanapumzishwa. Punje kaja chini ya meza. Hakuchezea kitu.

Nikazima cherehani. Mimi huwa sizimi cherehani kwa mtu. Nikamwambia, mke mwenzangu, niambie kama unavyomwambia mwenzio. Unaogopa nini? Meza?

Si meza.

Kuanguka?

Si kuanguka, ameanguka sana, haiumi hivyo.

Akasema: "Nikishatoka kwenye ubao, kabla sijashika meza, hakuna kitu. Chini hakuna, juu hakuna. Hakuna kinachonishika. Vyuma vilikuwa vinanishika."

 Mimi mwenye methali ya kila ugonjwa! Nilitafuta. Sikupata hata moja. Nani alishawahi kwenda huko aniletee habari? Umri wangu wote miguu yangu iko chini, mmoja kwenye sakafu na mwingine kwenye kanyagio la cherehani. Mtoto wa miaka minane ananieleza mahali ambapo mimi sijafika wala sitafika.

Nikamwambia kweli. Nikasema, sijui, mwanangu.

Akanitazama kwa mshangao. Nadhani hajawahi kunisikia nikisema hivyo.

"Hujui?"

"Sijui."

Akapanda akakaa mapajani, mifupa mitupu, na tukakaa hivyo mpaka mama yake akaingia kutoka zamu akauliza nani kafa.


Jumamosi, 14 Machi

Niko ukumbini. Naandika hapa benchi, daftari gotini, watu wananitazama, watazame. Nisipoandika nitapiga kelele, na kocha kaniomba nisipige kelele.

Waamuzi ni watatu, mama mmoja na wanaume wawili, wamekaa nyuma ya meza ya kawaida, meza ya watu. Hawacheki. Kila mtoto anapewa mbio mbili. Mwanangu hakukaa. Kasimama mlangoni, mikono kifuani, ufunguo wa lori kidoleni.

Boriti kapita! Kapita kama maji! Sakafuni kapita. Yule mama mwamuzi alimnong'oneza mwenzake, nikaona midomo, nikaona wanatabasamu.

Kisha meza. Mbio ya kwanza.

Kasimama.

Mbele ya ubao, tuli, kama siku ya kwanza. Nilisikia ufunguo wa lori ukilia mlangoni. Mwanangu kapiga hatua moja ndani. Nikamwinulia kiganja. Bado moja! Akaganda hapo alipofika. Yuko hapo mpaka sasa, nusu ndani nusu nje.

Wengine wanamaliza mbio zao za kwanza. Twiga kavuka vizuri, sitasema hakuvuka. Alipotoka akampitia Punje akamwambia kitu sikioni. Nilijiandaa kuinuka. Punje akatikisa kichwa, akacheka — si kile cha kumeza. Sijui kaambiwa nini. Nitakiuliza kile kirefu baadaye.

Kisha Punje akaja kwangu. Mbio mbio, miguu mitupu, viganja vyeupe kwa chaki. Akasema, Bibi, umevileta?

Nilikuwa nimevileta. Sijui kwa nini! Asubuhi nilivitia mfukoni, wala sikujiuliza.  Nikasema Punje, hapana, usiniombe hilo, kwa Mungu sitakupa, bora uchujwe, bora unichukie.

"Vitoe tu."

Nikavitoa. Vyuma vinagongana kiganjani. Mwanangu ananitazama kutoka mlangoni kama ananiona natoa kisu.

Hakuvichukua. Alinikunja vidole, kimoja kimoja, mpaka ngumi ikafungwa, chaki yake imenipaka mpaka kwenye kifundo.

"Shika wewe," akasema. "Ukae hapo hapo. Usiinuke. Nikiwa kule juu wewe uwe mzito."

Akaondoka. Hakungoja jibu. Kajifunza kwangu.

Basi nimekaa. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza, herufi zinaanguka kama walevi. Mwingine umefungwa. Kucha zinanichoma kiganja. Makalio yangu yote nimeyabandika kwenye benchi hili, Mungu ananiona, sijawahi kuwa mzito namna hii, mimi na vyuma vya dirisha zima.

Mbele yake kabaki mtoto mmoja. Kocha kapindua ubao, kahakikisha springi, kaurudisha. Kamwambia Punje neno moja tu. Nimeliona mdomoni: hasira.

Yule mtoto katua. Wanapiga makofi.

Punje yuko kwenye mstari. Hajishiki kiuno. Mikono iko chini, vidole vinacheza. Ananitazama. Anatazama ngumi yangu, si uso. Mwanangu kaacha kuuchezea ufunguo.

Mwamuzi kainua bendera.

Kalamu chini, wewe mwanamke! Na ukirudi hapa usianze na meza, wala waamuzi, wala baba yake kasema nini. Anza na huu mkono. Andika ni lini uliufungua.